Winchi ya Bosi

Shafti ya nyuma ilikatika kwa mara ya tatu msimu huo wa mvua, na safari hii ilikatika mbele za watu. Lori la kokoto lilikuwa limezama mpaka kwenye ekseli katikati ya mlima, na nyuma yake magari mengine yamejipanga yakingoja njia. Matope alifunga mnyororo, akapanda kwenye jipu lake kuukuu, akakanyaga klachi mara tatu kama alivyozoea ili ishike, kisha akaachia taratibu. Bikizee, kama watu walivyoliita gari hilo, alinguruma, akajikaza, akatetemeka. Ukasikika mlio mmoja mkavu chini ya sakafu, na magurudumu ya nyuma yakasimama huku injini ikiendelea kulia.

"Bibi kavunjika nyonga," alisema utingo mmoja wa lori, na wenzake wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Matope naye alicheka. Ukichekwa na watu wengi, kucheka nao ni nafuu. Hilo jina la Matope alilipata kwa kazi yake: mvua ikianza tu, barabara ya mlimani ilikuwa ndiyo shamba lake. Alivuta malori, alishusha wagonjwa, alipandisha magunia. Sasa alilala chali kwenye tope, mvua ikimpiga usoni, akahakikisha alichokuwa anakijua tayari. Akainuka, akafungua mnyororo mbele ya macho ya wote, akaweka gia ya magurudumu ya mbele ili ajikokote hadi nyumbani.

Gari jeusi lililokuwa kwenye foleni liliteremsha kioo. Ndani alikaa Bosi, mwenye yale malori na machimbo ya kokoto kule juu. Yeye hakuwa anacheka. Alimwita Matope kwa kidole, akamwangalia kuanzia viatu mpaka kichwani, kisha akaliangalia jipu kwa muda mrefu zaidi.

"Gari lako lina moyo ila halina mifupa," alisema. "Tengeneza mifupa. Mikono nitakupa mimi."

Kioo kikapanda.

Nyumbani kwa Matope palikuwa na vyumba viwili, na cherehani ya mkewe ilikaa dirishani pa chumba cha mbele. Mtaa mzima ulimwita mke huyo Sindano, kwanza kwa kazi yake, halafu kwa mdomo wake. Alimsikiliza mumewe huku pini zimejipanga katikati ya midomo, akizitoa moja moja na kuzichomeka kwenye pindo la gauni la mteja. Pini zilipoisha ndipo alipouliza mikono gani hiyo.

Matope alimweleza kuwa ni winchi. Inafungwa mbele ya bampa, ina ngoma na waya wa chuma mrefu. Gari linasimama mahali pakavu na kuvuta kwa waya, halina haja tena ya kuingia topeni na kujivunja. Bosi alikuwa nayo stoo, imelala tu.

"Na yeye anataka nini?"

"Hataki kitu. Si malori yake ndiyo ninayoyavuta?"

Sindano alikata uzi kwa meno. "Mtu anayekupa mikono," alisema, "ndiye atakayekuonyesha pa kushika."

Juu ya mifupa hawakubishana. Akiba yao ya kuongeza chumba cha tatu ilikuwa kwenye kikundi cha kina mama, na Sindano mwenyewe ndiye aliyekwenda kuitoa. Alisema shafti ni chakula cha watoto, wala chumba hakiliwi. Winchi ndiyo hakuitaka. Lakini alilisema hilo mara moja tu na hakulirudia. Mumewe alikuwa amerudi ana tope mpaka masikioni, na Sindano alimjua: angemwongezea neno jingine siku ile, angekuwa anamcheka kama wale matingo.

Fundi alikuwa kaka yake Sindano, mtu wa maneno machache, mwenye gereji ya mabati kando ya mtaro. Alimpandisha Bikizee juu ya magogo, akamfungua tumbo. Akaweka shafti mpya nene, za chuma kigumu. Akabadilisha krosi za propela, viungo vilivyokuwa vinagonga kama meno ya mtu mwenye homa. Akaingiza difu yenye kufuli, ile inayoyalazimisha magurudumu yote mawili yazunguke pamoja hata kama moja linaning'inia hewani. Mwisho akafunga klachi mpya.

Walipolijaribu gari, Matope aliikanyaga klachi tena na tena njia nzima. Kwa miaka yote Bikizee alikuwa na mtu wake. Mwingine akikaa kwenye usukani, gari lilizimika au lilirukaruka kama mbuzi. Sasa mguu ukigusa tu, klachi ilishika.

"Hata mtoto analiondoa," alisema Fundi, na kwa mtu kama yeye hayo yalikuwa majivuno.

Winchi ililetwa na msimamizi wa Bosi, mtu aliyeitwa Kofia kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila helmeti yake ya manjano, hata msibani. Aliishusha, akasema Bosi anawasalimu, akaondoka bila kungoja shukrani. Fundi aliuvuta ule waya kuukagua hatua kwa hatua. Karibu na ndoana aliona kitu kimenasa kati ya nyuzi za chuma. Akakibandua kwa bisibisi: kibanzi cha ubao kilichopakwa rangi ya buluu.

"Umesema ilikuwa imelala stoo."

"Labda ilivuta gari la buluu," alisema Matope.

"Magari hayana mbao."

Kisha Fundi akakitupa kibanzi mtaroni, akachukua drili, akaanza kutoboa bampa. Kazi ilikuwa imeshaletwa, na mtu aliyeileta alikuwa mume wa dada yake.

Wiki zilizofuata zilikuwa za heri, na Matope hakuwahi kuheshimiwa namna ile. Alisimamisha gari pakavu, akavuta waya, akatupia gunia zito juu yake kama Fundi alivyomwonya, ili ukikatika usimfyeke mtu miguu, na malori yakatoka topeni kama meno ya maziwa. Wale matingo waliomcheka wakaanza kumwita Mzee. Kituo cha mafuta cha Bosi kikamjazia tangi, na alipotaka kulipa akaambiwa aende tu, wataongea. Alipomweleza mkewe, Sindano aliuliza wataongea lini. Matope akasema hayo ni maneno tu ya watu.

Ndipo wapimaji walipoonekana bondeni.

Bondeni kulikuwa na safu ya nyumba za nguzo, udongo na mabati, zilizoshikana bega kwa bega kando ya barabara ya machimbo. Huko ndiko Sindano alikozaliwa, na mama yake aliishi huko bado. Wapimaji walipita na tepu zao bila kusalimia mtu. Baada yao kukapita mtu mwenye kopo la rangi nyekundu, akachora alama ya mkasi, mistari miwili iliyokatana, kwenye kila mlango. Mlango mmoja tu aliuruka, wa mama yake Sindano.

Mama huyo hakufurahi hata kidogo. Alimtuma binti yake amuulize mkwewe, kwa kuwa yeye anatembea na watu wale: alama zile maana yake nini, na kwa nini yeye hakupewa. Matope alisema atauliza. Siku zikapita. Alikutana na Kofia mlimani karibu kila asubuhi, wakaongea habari za mvua, za matairi na za mpira. Hakuuliza. Alihisi kwamba swali lile likishatoka mdomoni, jibu lake litakuwa mzigo wake, na mabega yake yalikuwa ndiyo kwanza yamepumzika.

Kofia alikuja mwenyewe siku ya Ijumaa, alasiri, Sindano akiwa amepeleka nguo kwa wateja. Aliketi kwenye kiti cha cherehani, helmeti kichwani, akapewa chai, akaisifu chai. Halafu akasema yaliyomleta, kwa sauti ya mtu anayeagiza mzigo wa kokoto. Bosi amenunua bonde lote. Anataka kupanua njia ya malori na kujenga yadi. Tingatinga halipiti, daraja la mto halitalibeba. Na kuna watu wamepata wakili, Jumatatu wanakwenda mahakamani kuomba zuio. Kwa hiyo kazi ni kesho asubuhi. Nyumba zenyewe ni za nguzo. Ukifunga waya kwenye nguzo ya pembe na kuvuta, nyingine zinafuata zenyewe.

Matope aliuliza kama watu wamelipwa.

"Wanaostahili wamelipwa."

"Na mama mkwe wangu?"

"Hukuuona mlango wake? Bosi anajua kukumbuka watu."

"Na nikikataa?"

Kofia alikizungusha kikombe, akaangalia majani ya chai yaliyobaki chini. "Bado hujakataa," alisema kwa upole. "Tusiongee ya mbele."

Aliinuka, akaaga watoto wawili waliokuwa wanacheza mlangoni, akamwambia mkubwa kuwa anafanana sana na baba yake.

Jioni, wakila, Sindano alisema kesho ataamka mapema aende bondeni kumsaidia mama yake kuanika magodoro, maana jua limeanza kuonekana. Matope aliacha tonge mkononi. Hapo palikuwa mahali pa kusema. Alimwangalia mkewe akimwekea mtoto mdogo mchuzi, akaona kama akisema sasa, chumba kitajaa maneno mpaka asubuhi, na asubuhi Kofia atakuja vilevile. Na nyumba ya mama si itarukwa? Akajiambia atamweleza baadaye, yote yakishapita.

"Nisalimie mama," alisema.

Asubuhi, Matope na Kofia walipofika bondeni, kulikuwa na vijana wa Bosi wenye marungu, lakini marungu hayakuwa na kazi. Watu wa bondeni walisimama tu milangoni. Walimwona Bikizee anateremka barabara na helmeti ya Kofia inang'aa dirishani, na wengine, kwa mazoea, wakainua mkono kumsalimia dereva. Mikono ilishuka polepole jinsi walivyoelewa.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mshona viatu, mtu aliyekuwa amemshonea Matope viatu alivyovaa siku ile. Kijana mmoja alizungusha waya kwenye nguzo ya pembe, akatia ndoana. Matope alitegemea matusi. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa mawe.

"Ngoja kidogo, jirani," alisema mshona viatu. "Nitoe meza."

Akangoja. Mshona viatu na mkewe wakatoa meza, kisha kitanda, kisha sanduku la vifaa vyake, wakasema ahsante. Matope akabonyeza swichi. Ngoma ikazunguka, waya ukakaza na kutoa sauti nyembamba kama ya mbu, nguzo ikalia, na nyumba ikapiga magoti. Vumbi lilipotulia, mlango wake ulikuwa umelala kifudifudi juu ya udongo.

Ikawa hivyo safu nzima. Ngoja nitoe ndoo. Ngoja, kuna mtoto amelala. Ngoja, dirisha hili nitalihitaji. Alikuwa akingoja kila mara, na hakuna aliyempandishia sauti, na kila "ahsante" ilimwingia kama pini. Alikazia macho ngoma ya winchi ili asione nyuso. Lakini kila alipolisogeza gari mbele alimwona mkewe, amesimama mlangoni kwa mama yake, godoro limeegemea ukuta nyuma yake. Sindano hakuwa anamwangalia yeye. Alikuwa anaiangalia bampa.

Mwishowe ilibaki nyumba moja imesimama. Kofia aliangalia saa, akasema vizuri, kazi imekwisha, tuondoke. Hapo ndipo mama alipotoka.

Mkwe wake huyu hakuwahi kumsogelea hivi. Siku zote walisalimiana kwa mbali, kwa macho ya chini, kila mmoja akimchunga mwenzake kwa heshima ya ukwe. Sasa alikuja mpaka kwenye dirisha la gari, akaweka mkono juu ya mlango.

"Baba," alisema, "na yangu."

"Mama, yako imerukwa. Hawaigusi."

"Nimeona. Ndiyo maana nimekuja." Aligeuka akaitazama safu, kama mtu anayehesabu watoto wake. "Kesho nikifungua mlango nimsalimie nani? Hawa wote watapita na vyombo vyao vichwani, waione nyumba yangu imesimama peke yake. Watasema niliwauza kwa mkwe wangu. Na mimi nitawajibu nini? Vuta, baba. Vitu nimeshatoa."

Matope alizima injini. Alichomoa funguo, akateremka. Alimwambia Kofia kwamba hapo yeye havuti.

Kofia hakukasirika. Alikwenda pembeni na simu, akasikiliza zaidi ya alivyosema, akarudi. Bosi alikuwa amesema kama mwenyewe ndiye anayetaka, basi ni heri, eneo litakuwa kipande kimoja. Akanyoosha kiganja.

"Lete funguo. Umechoka, pumzika kidogo."

Matope alizikamata. Kijana mmoja akamshika mkono, wala si kwa nguvu, akamfungua vidole kimoja kimoja kama anavyofunguliwa mtoto aliyeokota wembe. Waya ukafungwa. Kofia, ambaye hakuwahi kuliendesha gari lile hata siku moja, alikaa kwenye usukani, akasogeza helmeti, akawasha, akagusa klachi mara moja. Ikashika. Bikizee alirudi nyuma kwa ulaini mpaka waya ukanyooka, mwenye gari akiwa amesimama kando na mikono mitupu, na swichi ikabonyezwa. Nyumba alimozaliwa mke wake haikuchukua muda mrefu kuliko za wengine.

Fundi alifika mbio kutoka gereji wakati mabati ya mwisho yanaanguka. Alisimama pembeni mwa mama yake, grisi mikononi, akiziangalia boliti alizozikaza mwenyewe.

Jumatatu karatasi ya zuio ilitoka kweli. Karani wa mahakama aliileta bondeni saa za mchana, akazunguka nayo, ikakosa ukuta wa kubandikwa. Akaiweka juu ya kifusi na kuikandamiza kwa jiwe.

Mama alikataa kulala kwa Matope. Hakukataa kwa hasira; alisema tu nyumba ya mkwe si mahali pa mama kuzeekea, akaenda kushirikiana chumba cha kupanga na mke wa mshona viatu, ng'ambo ya mto. Sindano akafunga nguo zake na za watoto kwenye shuka mbili. Cherehani aliipakiza kwenye mkokoteni. Matope alisimama katikati ya chumba cha mbele, pale mahali pa cherehani pakiwa peupe kama ngozi iliyovuliwa bandeji, akamuuliza kama ndiyo anaachwa.

"Sikuachi," alisema Sindano. "Namfuata mama. Hayo ni mambo mawili, usiyachanganye."

"Utarudi?"

Alikuwa ameshafika mlangoni. "Uliniambia nimsalimie," alisema. "Nilimsalimia."

Matope alikaa ndani mpaka mvua ilipoanza tena. Malori yalikwama mlimani, na ukelele wa matingo ulisikika mpaka mtaani, lakini hakutoka. Siku ya pili yake alilipeleka gari gereji. Hakuhitaji kueleza. Fundi alimtazama, akachukua spana, akalala chini ya bampa. Boliti zilikuwa zimekazwa vizuri na zilichukua muda kulegea. Ya mwisho ilipotoka, Fundi alibaki chini, hakuinuka.

"Nilikishika kile kibanzi kwa mkono wangu," alisema kutoka huko chini. "Nikakitupa."



Stoo ya Bosi ilikuwa nyuma ya kituo cha mafuta. Matope alikuwa ametayarisha maneno ya kumwambia Kofia, ameyapanga njia nzima, lakini Kofia aliinua tu kidevu. "Iweke pale." Pale, sakafuni, palikuwa na mahali ambapo vumbi lilikuwa halijakaa, upana wa winchi. Kofia alisema Bosi hana neno, kila mtu na riziki yake, malori yatapata mwingine wa kuyavuta. Akarudi kwenye chai yake.

Huyo mwingine alikuwa ameshakaa kwenye benchi nje. Mtu wa makamo, ndevu zimeanza mvi, suruali imeganda tope mpaka magotini. Pikapu yake kuukuu ilikuwa imeegeshwa uani, imeinamia upande mmoja. Alimsalimia Matope kwa uchangamfu, akasema amesikia kuna winchi inatolewa bure, na kwamba amechoka kukatikiwa na shafti mbele za watu.

Matope aliketi kando yake. Akamweleza. Alimweleza habari za bondeni, za mshona viatu na meza yake, za mama aliyeweka mkono juu ya mlango wa gari. Alimwambia kitakachokuja kuombwa, na kwamba kitaombwa kwa upole, na kwamba siku hiyo atajiona hana njia. Hakuficha lake. Alisema na kile alichomwambia mkewe mezani.

Yule mtu alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, akitikisa kichwa pale panapostahili. Alisema pole sana. Alisema dunia ina mambo. Kisha akaitazama winchi kupitia mlango wa stoo, akamgeukia tena.

"Na boliti zake umezileta?"

Boliti zilikuwa mfukoni mwa Matope, nzito, bado zina mafuta ya Fundi. Alijua kwamba boliti kama zile zinauzwa duka lolote la vipuri, na kwamba kesho asubuhi duka likifunguliwa tu, mtu huyu atakuwa mlangoni.

"Sijazileta," alisema.

Akainuka, akaenda zake, mkono mfukoni, amezishikilia.